Wanaotaka Kujitenga na Chicago: Mfanyakazi Aangalie Nini?



Kila tarehe 1 Mei tunaandamana na mabango yetu, na wengi wetu tumefundishwa kwamba asili ya siku hiyo ni mji wa Chicago huko Marekani, ambako mwaka 1886 wafanyakazi waligoma wakidai siku ya kazi iwe ya saa nane. Katika somo hili twarudi Chicago kwa jambo jingine. Katika jimbo la Illinois, ambalo Chicago ndio mji wake mkubwa kuliko yote, wako watu wa mashambani na wa miji midogo wanaosema wamechoka kutawaliwa na mji huo. Wanataka mpaka ukatwe: Chicago ibaki peke yake, na wao wawe na jimbo lao. Wala si maneno ya barazani tu. Kati ya mwaka 2020 na Novemba 2024 jambo hilo lilipelekwa kwa wapiga kura katika kaunti moja baada ya nyingine, na katika kaunti 33, kati ya 102 za jimbo hilo, waliokubali walikuwa wengi kuliko waliokataa.

Nani kati yetu hajasikia, kwenye foleni ya mizani ya majani ya chai au langoni mwa kiwanda wakati wa kubadilishana zamu, mtu akisema kwamba mji mkuu ndio unaokula jasho letu? Maneno hayo yana ukweli ndani yake, na yana mtego pia. Illinois ni mahali pazuri pa kujifunzia yote mawili, kwa sababu hesabu zake zimepigwa na kuchapwa, na ugomvi wenyewe umedumu zaidi ya miaka mia.

Jimbo lenyewe

Illinois ni jimbo refu. Kutoka mpaka wa kaskazini hadi ncha ya kusini ni kama kilomita 600. Chicago iko kaskazini-mashariki, kando ya ziwa Michigan. Ukitoka mjini na viunga vyake unaingia katika mashamba ya mahindi na soya yasiyo na mwisho, na ukiendelea kusini unafika kwenye ardhi ya makaa ya mawe. Kaunti ni mfano wa wilaya, na Chicago imo katika kaunti ya Cook. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2020 jimbo zima lilikuwa na watu milioni 12.8, na Cook peke yake ilikuwa na milioni 5.3. Ukijumlisha na kaunti tano za viunga vinavyouzunguka mji, unapata karibu theluthi mbili ya watu wote wa jimbo. Theluthi moja iliyobaki imetawanyika katika kaunti 96. Watu wa Chicago wana jina moja la kuyaita maeneo hayo yote, lenye maana ya "huko chini ya jimbo", hata pale ambapo mahali penyewe pako kaskazini. Mtu anayeitwa hivyo maisha yake yote hana budi kuchoka.

Malalamiko yao tuyasikilize kwanza, maana si ya uongo.

Mwaka 2010 Pat Quinn alichaguliwa kuwa gavana. Alishinda katika kaunti 4 tu kati ya 102, lakini Cook ilikuwa mojawapo, na kura za Cook zilitosha. Kwa hesabu ya mtu mmoja kura moja hakuna kosa hapo: ardhi haipigi kura. Lakini mkulima aliyeona ramani ya matokeo gazetini, jimbo zima rangi moja na kona moja rangi nyingine, alijiuliza kura yake ina kazi gani.

Kazi nazo zimepungua. Machimbo ya makaa yaliyolisha kusini yamefungwa moja baada ya jingine, na mwaka 2021 jimbo lilipitisha sheria inayotaka mitambo ya umeme ya makaa ifungwe kwa hatua hadi mwaka 2045. Huenda sheria hiyo ni ya lazima kwa ajili ya hewa tunayovuta wote. Hata hivyo mwenye kuishi kwa mtambo huo anauliza yeye atakula nini, na swali lake ni la haki. Huko ncha ya kusini kabisa, pale mito miwili mikubwa, Ohio na Mississippi, inapokutana, upo mji uitwao Cairo. Kusini yote huitwa Misri Ndogo kwa utani, na ndiyo maana kuna Cairo, kuna Thebes, kuna Karnak. Mwaka 1920 Cairo ilikuwa na watu zaidi ya 15,000. Mwaka 2020 walihesabiwa 1,733.

Lakini Cairo haikuuawa na Chicago. Ilipungukiwa na biashara ya mito na ya reli, na halafu ilijiumiza yenyewe kwa ubaguzi wa rangi. Katika miaka ya 1960 bwawa la kuogelea la mji lilifungwa ili watu weusi wasioge pamoja na weupe. Wenye maduka walikataa kuajiri weusi, na mwaka 1969 weusi wakaanza kuyasusia maduka hayo. Maduka mengi yalifungwa kuliko kubadilika. Tunalitaja jambo hili kwa sababu katika mazungumzo ya kujitenga, neno "mji ule" mara nyingi limebeba rangi ndani yake. Hatusemi kila aliyepiga kura ya ndiyo ana nia hiyo. Twasema tu kwamba msomaji asiusome ugomvi wa Marekani kama kwamba rangi haimo.

Mzaha uliojua unachotaka

Mapema katika miaka ya 1970 watu wa magharibi ya Illinois nao walichoka. Barabara kuu ya kuunganisha Chicago na Kansas City, waliyotazamia ipite kwao, haikupewa fedha. Magarimoshi ya abiria yalikuwa yamekatwa. Chuo cha Carthage kilikuwa kimehamia jimbo jirani la Wisconsin. Basi wafanyabiashara wachache wakabuni nchi ya mzaha, wakaiita Forgottonia, yaani Nchi Iliyosahauliwa. Mwanafunzi wa chuo kikuu cha Western Illinois, Neal Gamm, akafanywa gavana. Kijiji kidogo cha Fandon kikawa mji mkuu, na bendera ikawa nyeupe, kama ya askari anayesalimu amri. Mpango wao ulikuwa kujitenga, kutangaza vita, kusalimu amri papo hapo, kisha kuomba msaada ule ambao Marekani huwapa maadui iliowashinda.

Twaupenda mzaha huu. Watu wale walicheka, lakini walijua wanataka nini: barabara, garimoshi, chuo. Mdai yeyote wa haki aweza kuandika orodha ya namna hiyo na kumpelekea mhusika. Garimoshi la abiria kati ya Quincy na Chicago lilipatikana mwaka 1971, likisaidiwa na fedha za jimbo. Barabara pana ilikuja pia, ingawa baada ya miaka mingi mno.

Zamani ilikuwa kinyume

Wengi wanaosimulia habari hizi huanzia juzi. Sisi yafaa turudi nyuma zaidi, maana miaka mia iliyopita aliyetaka kujitenga alikuwa Chicago.

Katiba ya Illinois ya mwaka 1870 iliagiza kwamba kila baada ya miaka kumi maeneo ya uchaguzi yagawanywe upya kufuata idadi ya watu. Chicago ilikuwa ikikua kwa kasi: wahamiaji kutoka Ulaya, kisha watu weusi kutoka majimbo ya kusini, wote wakienda kwenye machinjio, viwanda vya chuma na karakana za reli. Wabunge wa mashambani waliona kwamba wakigawa upya watapoteza viti. Basi hawakugawa. Baada ya mwaka 1901 hawakugawa tena hadi mwaka 1955. Mfanyakazi wa Chicago alilipa kodi kama wengine, lakini kura yake ilikuwa nyepesi. Mwaka 1925 baraza la mji wa Chicago lilipitisha azimio la kutaka mji huo uwe jimbo la peke yake.

Mwaka 1963 walishindwa tena kukubaliana. Matokeo yake ni kwamba mwaka 1964 wabunge wote 177 wa baraza la chini walichaguliwa na jimbo zima kwa pamoja, kwa karatasi moja ya kura yenye majina zaidi ya 200, ndefu hata watu wakaiita shuka la kitanda. Mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mabaraza yote mawili ya bunge la kila jimbo lazima yafuate idadi ya watu. Tangu hapo mizani iliinamia upande wa mji.

Kwa hiyo aliye juu leo alikuwa chini jana, na kila mmoja alipokuwa chini alifikiria kukata mpaka. Hakuna upande uliopata mpaka huo.

Daftari mbili za hesabu

Sasa tufike kwenye fedha, na hapa tunaomba viongozi wa vikundi waende polepole.

Wanaotaka kujitenga husema kwamba kodi zao zinakwenda Chicago. Mwaka 2018 taasisi ya Paul Simon, iliyo katika chuo kikuu cha Southern Illinois mjini Carbondale, yaani huko huko kusini, ilichapa uchunguzi juu ya jambo hilo. Waliangalia kila eneo limelipa kiasi gani cha kodi za jimbo na limerudishiwa kiasi gani kwa njia ya shule, barabara, matibabu, magereza, vyuo na mishahara. Kaunti za kusini, kwa kila dola 1 zilizolipa, zilirudishiwa dola 2.81. Cook ilirudishiwa senti 90. Kaunti za viunga, wanakokaa wengi wenye kipato kizuri, zilirudishiwa senti 53.

Ina maana kwamba fedha za serikali zinatoka mjini, na zaidi viungani, kwenda mashambani. Kusini ikijitenga leo, shule zake na hospitali zake zitatafuta dola hizo mahali pengine.

Watu wa Chicago hupenda kuzisoma takwimu hizi kwa kejeli, kana kwamba wenzao ni ombaomba. Hapo nasi twapinga. Fedha hizo zinakwenda kusini kwa sababu kusini kuna wazee wengi na mishahara midogo, na kwa sababu vyuo na magereza ya jimbo yamejengwa huko. Tena daftari la serikali ni daftari moja tu. Liko la pili ambalo taasisi ile haikulifungua, nalo ni daftari la soko.

Mahindi na soya za Illinois bei yake hupangwa wapi? Chicago, katika soko la nafaka lililoanzishwa na wafanyabiashara mwaka 1848. Humo mtu hununua na kuuza mahindi ambayo hajayaona na hatayaona, mengine hayajapandwa bado, na bei inayotangazwa humo huangaliwa hata na wanunuzi wa nafaka wa nchi za mbali. Mabenki yanayokopesha fedha za trekta yako katika miji mikubwa, na makampuni yenye maghala, reli na viwanda vya kusindika yana wenye hisa waliotawanyika duniani. Mkulima anaposema mji unakula jasho lake, katika daftari hili la pili ana hoja nzito. Ila aliyekula si dereva wa basi wa Chicago, wala mwuguzi, wala mwalimu wa shule. Na mpaka ukichorwa kuizunguka kaunti ya Cook, soko lile la nafaka halitafungwa hata siku moja. Bei ya mahindi itavuka mpaka bila pasi.

Tuchukue mfano wa kiwanda. Galesburg ni mji wa magharibi ya Illinois, katika eneo lile lile la Forgottonia. Kwa miaka mingi ulitegemea kiwanda cha majokofu cha Maytag. Mwaka 2002 kampuni ilitangaza kwamba itakifunga, na mwaka 2004 kikafungwa. Wafanyakazi wapatao 1,600 walipoteza kazi. Mashine zilikwenda wapi? Chicago? Hapana. Kazi ilihamishiwa Reynosa, Meksiko, ambako mshahara ulikuwa sehemu ndogo ya ule wa Galesburg. Mji mkubwa haukupata hata msumari. Lakini ukisimama Galesburg miaka ishirini baadaye, barabara ya maduka ikiwa kimya, Chicago iko karibu na inaonekana, mwenye hisa haonekani. Ni rahisi kumchukia jirani unayemwona.

Gavana wa kaunti 101

Mwaka 2014 mashamba yalipata gavana wao, au walidhani hivyo. Bruce Rauner, tajiri wa biashara ya uwekezaji kutoka viunga vya Chicago, alishinda katika kaunti 101. Aliyoikosa ni moja tu, Cook. Miongoni mwa mambo aliyoyataka ni kuruhusu kila eneo lijiwekee sheria iitwayo "haki ya kufanya kazi".

Jina hilo ni la kupendeza, kwa hiyo tulieleze vizuri. Sheria hiyo haimpi mtu kazi. Inakataza chama na mwajiri kupatana kwamba kila anayefaidika na mkataba wa pamoja achangie gharama zake. Chama kinatakiwa kumtetea kila mtu, lakini anayetaka halipi. Baada ya muda mfuko wa chama unakauka, na mwajiri anakutana na mfanyakazi mmoja mmoja.

Bunge lilimkatalia Rauner. Wakavutana, na kuanzia Julai 2015 hadi Julai 2017 jimbo zima halikuwa na bajeti kamili. Walioumia kwanza ni nani? Vyuo vya jimbo vilivyo katika miji midogo. Katika mji wa Charleston, chuo kikuu cha Eastern Illinois kiliwaachisha kazi watumishi wengi, na mji mdogo ambao mwajiri wake mkubwa ni chuo huhisi jambo hilo hadi kwa kinyozi. Mwaka 2018 Rauner alishindwa uchaguzi.

Ng'ambo ya mpaka kuna sheria gani?

Hili ndilo swali ambalo mfanyakazi hana budi kuliuliza kabla ya kushangilia bendera yoyote mpya. Kima cha chini cha mshahara katika Illinois kilifika dola 15 kwa saa tarehe 1 Januari 2025, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2019. Wabunge wa chama cha Republican, ambacho ndicho chenye nguvu katika kaunti nyingi za mashambani, waliipinga. Katika jimbo jirani la Indiana, mwaka huohuo wa 2025, kima cha chini kilikuwa dola 7.25, ambacho ni kile cha serikali kuu, kisichoongezwa tangu mwaka 2009. Mfanyakazi wa saa 40 kwa wiki, akiwa kwenye kima cha chini, atapata dola 600 upande mmoja na dola 290 upande wa pili. Fanyeni hesabu hiyo ubaoni.

Tena, mwezi Novemba 2022 wapiga kura wa Illinois waliingiza katika katiba yao haki ya wafanyakazi ya kuungana na kufanya majadiliano ya pamoja na mwajiri, na wakaifungia mlango ile sheria ya "haki ya kufanya kazi". Indiana ilikwisha kuipitisha sheria hiyo mwaka 2012. Jimbo jipya lingeandika katiba mpya, na hakuna anayeweza kuahidi kwamba kifungu cha mwaka 2022 kingenakiliwa humo.

Tunalisema hili kwa sababu Indiana imejitokeza kuwakaribisha. Mwaka 2025 bunge lake lilipitisha sheria ya kuunda tume ya kuzungumzia kuusogeza mpaka, ili kaunti za Illinois zenye kinyongo zihamie kwake. Gavana wa Illinois, J. B. Pritzker, aliupuuza mpango huo. Na miongoni mwa kaunti saba zilizosema ndiyo mwezi Novemba 2024 imo Madison, ambayo si ya mahindi matupu. Ina Granite City, mji wa chuma, ambako tanuru la mwisho lililokuwa likiwaka lilizimwa mwaka 2023. Tunadhani kura hiyo ilikuwa na hasira ya watu wa viwandani pia, na chama cha wafanyakazi kinachoidharau hasira hiyo kitajikuta kinaongea peke yake.

Mambo ni hayo hayo kwingineko. Colorado ilikuwa na kura kama hiyo mwaka 2013: kaunti 11 zilipiga, 5 zikakubali, na Weld, iliyoanzisha maneno, ikakataa. Mashariki ya Oregon, hadi mwaka 2024 wapiga kura wa kaunti 13 walikuwa wameunga mkono hatua za kuhamia Idaho ili kuachana na Portland na miji ya magharibi. Kima cha chini katika kaunti za mashambani za Oregon kilikuwa dola 13.70 kuanzia Julai 2024. Cha Idaho kilikuwa 7.25.

Je, yawezekana kisheria? Katiba ya Marekani, ibara ya 4, yasema jimbo jipya haliwezi kukatwa ndani ya jimbo jingine bila idhini ya bunge la jimbo hilo na ya Bunge la Marekani. Maine ilitoka Massachusetts kwa njia hiyo mwaka 1820, na West Virginia ilitoka Virginia mwaka 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto. Tangu hapo hakuna. Mwaka 2023 mwanasheria mkuu wa Illinois, Kwame Raoul, alitoa maoni kwamba kaunti hazina uwezo wa kujitenga zenyewe. Hata swali lililopigiwa kura katika zile kaunti 33 halikusema "tujitenge". Liliuliza kama baraza la kaunti lishauriane na mabaraza mengine juu ya uwezekano wa kuiacha Cook na kuunda jimbo jipya. Kikundi kiitwacho New Illinois, kilichoanzishwa mwaka 2018, kinalijua jambo hili na chasema kitafuata njia ya katiba. Bunge la kuombwa idhini, hata hivyo, ni lile lile ambalo theluthi mbili ya wapiga kura wake wako Chicago na viungani.

Makaburi ya Mount Olive

Msomaji asidhani kwamba vyama vya wafanyakazi ni mali ya Chicago na kwamba mashambani ni ugenini. Tarehe 12 Oktoba 1898, katika mji mdogo wa Virden, kampuni ya makaa ilileta kwa garimoshi wafanyakazi weusi kutoka Alabama ili wavunje mgomo, wakilindwa na watu wenye bunduki. Wengi wao hawakuwa wameambiwa kwamba kuna mgomo. Risasi zilipigwa, na watu zaidi ya kumi, wachimbaji na walinzi, walikufa. Baadhi ya wachimbaji waliouawa walikuja kuzikwa Mount Olive, katika makaburi ya chama chenyewe. Mama Jones, mwanamke mzee aliyezunguka Marekani yote akiwapanga wachimbaji, aliomba azikwe pamoja nao, na alipofariki mwaka 1930 ndipo alipopelekwa. Kaburi lake liko huko mashambani, mbali na Chicago, katika kaunti ya Macoupin.

Na mfano wa karibuni. Oktoba 2021 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni ya matrekta ya John Deere waligoma. Viwanda vyao viko pande zote mbili za mto Mississippi: Moline na jirani zake upande wa Illinois, Davenport, Waterloo na miji mingine upande wa Iowa, ambako sheria ya "haki ya kufanya kazi" ipo tangu mwaka 1947. Majimbo mawili, sheria mbili, magavana wawili, lakini mkataba mmoja na chama kimoja. Waligoma wiki tano. Walikataa mapatano mara mbili, na mwishoni walipata nyongeza ya asilimia 10 papo hapo. Ni watu wa miji midogo iliyozungukwa na mahindi, wanaotengeneza mashine za kuvunia mahindi hayo.

Maswali ya kujadiliana tawini: Chukueni zao au bidhaa inayotoka mahali penu pa kazi, mwandike ubaoni daftari zote mbili. Katika la kwanza, eneo lenu linalipa kodi gani na linarudishiwa nini kwa shule, zahanati na barabara? Katika la pili, bei inapangwa wapi, na nani? Halafu ulizeni: tukipewa mpaka mpya kesho asubuhi, ni mstari upi katika daftari hizo utakaobadilika, na mkataba wetu wa kazi utasimama juu ya sheria ya nani? Kila kikundi kimchague mtu wa kuandika majibu, na majibu yaletwe kwa katibu wa tawi.